Choo cha Nani?

Leo nitasema juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja mbele ya watu, hasa mbele ya wakwe, nalo ni choo. Mama unayepika chai, tafadhali usizime redio. Nitajaribu kusema kwa heshima, ingawa mbele kidogo nitalazimika kulitumia neno moja ambalo si la mezani.

Maandiko hayakuliona jambo hili kuwa dogo. Someni nyumbani kwenu Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, kuanzia mstari wa 12 hadi wa 14. Wana wa Israeli waliagizwa watenge mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na chombo chake cha kuchimbia, ili achimbe na kufukia. Mimi huwa nasimama hapo kwenye maneno hayo ya kila mtu na chombo chake. Musa hakuwachimbia. Walawi hawakuwachimbia. Swali langu la leo linatoka hapo: choo kilichoko nyumbani kwako, au kile ambacho hakipo, ni cha nani?

Wazee wetu wa pwani hii ya ziwa, tangu Usenge hadi Mbita na Karungu, wanakumbuka choo cha chifu. Wakati wa ukoloni, chifu na askari wake walipita boma kwa boma wakitazama kama kuna shimo. Asiye na shimo alitozwa faini. Basi watu walichimba. Shimo lilikuwepo, kijumba cha nyasi kilikuwepo, na njia ya kwenda kichakani ilikuwepo vilevile, imekanyagwa vizuri kila asubuhi. Kile choo kilikuwa cha chifu, na chifu hakuja kukitumia.

Baadaye ukaja wakati wa wafadhili. Nao walikuja kwa moyo mwema, wakaleta saruji na mabati. Ninaujua ushirika mmoja, sitautaja, ambao ulipewa vyoo vinne vizuri kabisa. Mwaka uliofuata nilipita pale nikakuta kimoja kina nyavu za samaki ndani, kingine kina kuku, na viwili vimefungwa kufuli. Nikamwuliza mzee wa kanisa, funguo ziko wapi? Akaniambia kwa unyenyekevu, "Tumeviweka kwa ajili ya wageni." Wageni wale walikuja mara moja kwa mwaka kutazama vyoo vyao.

Msicheke sana, ndugu zangu, kwa sababu jambo hili limeua watu. Ninyi mliokuwa watu wazima mwaka 1997 mnakumbuka. Kuanzia Juni 1997 hadi Machi 1998, katika mkoa wa Nyanza wa wakati ule, watu 14,275 walilazwa hospitalini kwa kipindupindu, na 547 kati yao wakafa. Hao ni wale tu waliofika hospitali. Wataalamu walikuja kuchunguza ni akina nani waliopata ugonjwa na akina nani walioepuka. Walikuta kwamba walio katika hatari zaidi ni waliokunywa maji ya ziwa au ya kijito, waliokula pamoja na mtu anayeharisha, na waliohudhuria karamu za matanga. Lile la matanga nitalirudia, kwa sababu linatuhusu sisi watu wa kanisa kuliko tunavyopenda.

Sasa, kama amri ya chifu haikufaa, na zawadi ya mfadhili haikufaa, kitu gani kinafaa? Mwaka 1993 njia moja ilianza kujaribiwa katika nchi nne za Afrika, nazo ni Botswana, Kenya, Uganda na Zimbabwe. Iliitwa kwa herufi zake PHAST. Badala ya mwalimu kusimama na kuhutubia, wanakijiji walipewa picha. Hapa mama ananawisha mtoto, pale mbwa analamba sufuria, huku mtoto anajisaidia karibu na kisima. Wanakijiji wenyewe walizipanga mafungu matatu: mema, mabaya, na yale yasiyo mema wala mabaya. Wakabishana. Mama mmoja husema mavi ya mtoto mchanga hayana neno, mwenzake humwambia ndiyo hatari zaidi. Mwalimu hanyoshi kidole kusema nani amekosea, anauliza tu, "Kwa nini?" Ubishi ule ulikuwa mali yao wenyewe, na hata jioni walikwenda nao nyumbani.

Njia ya pili ilikuwa kali zaidi. Ilianza mwaka 2000 katika kijiji cha Mosmoil, wilaya ya Rajshahi, huko Bangladesh. Mtaalamu wa India, Kamal Kar, alikuwa ameitwa apime kazi ya vyoo vilivyojengwa kwa msaada. Akaona kwamba msaada ulikuwa mwingi na vichaka vilikuwa bado vinatumika. Shauri lake likawa geni masikioni: acheni kutoa saruji, wapelekeni watu wakaone wenyewe hali ya kijiji chao. Njia hiyo ilifika Kenya mwaka 2007, ikaanzia Kilifi, kisha ikaenea hadi huku kwetu Nyanza na Magharibi. Wengi mnaijua kwa herufi CLTS. Kwa Kiswahili tunaweza kusema usafi kamili unaoongozwa na jamii yenyewe.

Niwaeleze siku yenyewe inavyokwenda, kwa sababu wengine wenu mtaalikwa na mtadhani mnatukanwa.

Watu hukutana chini ya mti, wanaume, wanawake na watoto. Mgeni aliyekuja, mara nyingi ni Bwana Afya au mwenzake, hasemi kwamba ameleta kitu. Anaomba wachore kijiji chao chini, kwa jivu au kwa vijiti. Hapa kanisa, hapa shule, hapa kisima, hapa ziwa. Kila mmoja anasimama mahali pa nyumba yake. Kisha anawauliza, "Na haja kubwa mnakwenda wapi?" Kimya. Halafu mtoto mmoja, maana watoto hawajui unafiki, anakimbia na kumwaga unga wa rangi ya manjano karibu kabisa na kisima. Watu wanacheka, halafu wanaacha kucheka.

Na hapo ndipo lile neno linapoingia. Wafundishaji wa njia hii hawakubali mseme "uchafu" wala "haja". Wanataka neno lile lile ambalo mtoto hulitumia nyumbani. Kwa Kiswahili ni mavi, kwa Dholuo ni *chieth*. Samahani, wazee wangu. Mimi mwanzoni nilidhani ni utovu wa adabu, lakini nimeelewa sababu: neno la adabu hufunika kitu, na kilichofunikwa hakichimbiwi shimo.

Kisha wanahesabu. Tuseme mtu mmoja ni robo kilo kwa siku. Boma lenye watu sita ni kilo moja na nusu. Maboma mia moja ni kilo 150 kila siku. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 54,000. Mkulima wa mahindi anajua hesabu hiyo: ni kama magunia 600 ya kilo 90. Mgeni anauliza kwa upole, "Magunia hayo yote yamekwenda wapi?" Mvua za masika ziliyabeba. Zikayapeleka kwenye kijito, na kijito kikayapeleka ziwani, mahali pale pale tunapoteka maji ya uji.

Baada ya hapo wanatembea pamoja kwenda vichakani. Mgeni hataki kupita haraka. Anasimama hapo hapo penye harufu na kuuliza maswali. Wakirudi, anaomba glasi ya maji safi, anakunywa, anampa mwingine, naye anakunywa. Kisha anang'oa unywele mmoja kichwani, anaugusisha kwenye mavi, anauchovya katika maji yale yale, anampa mtu anywe. Hakuna anayekubali. "Kwa nini? Hamwoni kitu ndani." Wanakataa. "Basi nzi ana miguu mingapi? Naye alipotua kwenye ugali na samaki wenu, mliutupa?"

Mara nyingi hapo mtu mmoja husimama, na si lazima awe mzee wa kijiji. Huenda akawa mama mwenye hasira, au kijana wa bodaboda. Husema, "Mimi kesho nachimba." Hakuna aliyemwambia. Mgeni hakusema neno juu ya choo.

Mtu anayeijua Biblia yake atakumbuka hapo kitabu cha Nehemia. Alipofika Yerusalemu hakuitisha baraza siku ya kwanza. Sura ya 2 inaeleza kwamba alitoka usiku na watu wachache, akaukagua ukuta uliobomoka, na njia yake ilipita Lango la Jaa, yaani lango la takataka. Ndipo akawaambia wakuu watazame wenyewe hali waliyo nayo. Katika sura ya 3 utaona watu wengi wakijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Lile Lango la Jaa lilijengwa na Malkiya mwana wa Rekabu, naye alikuwa mkuu wa wilaya nzima. Wakuu wa Tekoa walikataa kutia shingo zao katika kazi, na hilo nalo likaandikwa. Mnawajua wakuu wa Tekoa. Kila ushirika unao.

Lakini njia hii ina ubaya wake, nami nisingekuwa mwaminifu kama ningenyamaza. Inatumia aibu, na aibu ni moto: hupika ugali, na huchoma nyumba. Katika baadhi ya vijiji vya Bangladesh na India, watoto walipewa filimbi wawapulizie watu wazima waliokutwa vichakani. Pengine mtu mwenye nguvu ataamka kwa aibu hiyo. Lakini mjane mwenye miaka 70, ambaye wanawe wamekufa na mikono yake haishiki tena jembe, atafanya nini na aibu? Atangoja giza, aende mbali zaidi, na huko ataumwa na nyoka. Ikiwa kijiji kimekubaliana kwamba kila boma liwe na choo, basi kijiji kimekubaliana pia kumchimbia mjane, na yule kipofu, na yule asiyeweza kuchuchumaa. Vijana wa kwaya mnisikie. Shimo la futi kumi ni kazi ya Jumamosi mbili kwa vijana wanne.

Lipo na jambo la desturi. Katika familia nyingi za huku si rahisi baba mkwe atumie choo kimoja na mke wa mwanawe. Bwana Afya mgeni akihesabu choo kimoja katika boma anaandika "tayari", kumbe binti yule bado anakwenda kichakani kwa heshima. Hili haliwezi kugunduliwa na mtu wa ofisini. Linajulikana pale ambapo wanawake wamepewa nafasi ya kusema peke yao, bila wakwe kuwapo. Kisha watu wa boma huamua: mashimo mawili, au milango miwili inayotazamana mbali.

Mwaka 2011 serikali ilitangaza kwamba vijiji vyote vya Kenya viwe vimeacha vichaka ifikapo 2013. Nambale, katika Busia, ilikuwa ya kwanza kati ya wilaya kutangazwa safi, mwaka 2012, nasi tuliifurahia. Mwaka 2013 ukapita na vichaka vikabaki. Likawekwa lengo jingine la 2020, nalo likapita. Mimi siwalaumu walioweka tarehe, lakini tarehe ni ya serikali kama vile choo kilivyokuwa cha chifu.

Na hata vile vijiji vilivyotangazwa safi, je, vilidumu? Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya namna hiyo vya Kenya, Uganda, Ethiopia na Sierra Leone. Katika kila nyumba 100, nyumba 87 zilikuwa bado na choo kinachofanya kazi. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini walipotazama masharti yote kwa pamoja, kama vile kifuniko cha tundu, na maji na sabuni za kunawia, nyumba zilizotimiza yote zilikuwa nane tu katika mia. Shimo lilibaki, sabuni ikaondoka.

Sabuni si kitu cha kuongeza mwishoni. Hapa kwetu Nyanza, kuanzia mwaka 2006, shule za msingi nyingi ziliingizwa katika mradi ulioitwa SWASH+. Katika sehemu ambazo fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 hazikuzivuruga, uwezekano wa wasichana kukosa shule ulipungua kwa asilimia 58 pale walipofundishwa kunawa na kupewa maji yaliyotiwa dawa. Lakini uchunguzi huo huo ulifichua jambo la kushangaza. Shule nyingine zilijengewa vyoo vipya pamoja na hayo, na mikono ya wasichana ikapimwa. Ilikutwa na vijidudu vingi zaidi vya kinyesi. Fikirini. Mtoto aliyekuwa akienda mara chache sasa anakwenda kila siku, karatasi hakuna, sabuni imekwisha tangu wiki ya pili ya muhula, naye anarudi darasani. Kwa hiyo ninyi mlio katika kamati za shule, mkihesabu matundu ya vyoo, hesabuni na vipande vya sabuni. Kibuyu chirizi, kile kimtungi cha plastiki kinachoning'inizwa kwa kamba na kuinamishwa kwa mguu, mtoto wa darasa la nne anaweza kukitengeneza.

Nimesema sana juu ya vijiji. Mtu wa Kisumu mjini, wa Nyalenda, Manyatta au Obunga, atasema, "Mchungaji, mimi ni mpangaji. Nichimbe wapi?" Ana haki. Huko mjini aibu haiwezi kufanya kazi peke yake, kwa sababu mwenye kuona aibu si mwenye kiwanja. Nyumba kumi hutumia tundu moja, shimo likijaa mwenye nyumba yuko mbali, na maji ya ardhini yako karibu sana hata kisima cha uani na choo cha uani vinanywa pamoja. Katika mitaa hiyo, watu wa kutembezwa kwenye vichochoro ni wenye nyumba. Na wengi wao, tusifichane, wanakaa katika viti vya mbele kanisani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imeuweka usafi wa kadiri ifaayo kuwa haki ya kila mtu. Mpangaji anaweza kukitaja kifungu hicho, lakini ni vyema zaidi kama wapangaji wa uwanja mzima watakwenda pamoja.

Ufukweni kwenye bandari za wavuvi ni shida ya namna nyingine. Watu huja na kuondoka wakifuata omena, na choo cha ufukweni ni cha wote, maana yake si cha mtu. Mahali ambapo kamati ya ufukwe imeweka mtu wa kukisafisha na kumlipa kutokana na ushuru wa samaki, kinatumika. Mahali pengine, nendeni mkanuse.

Sasa matanga. Mwenzetu akifa, kanisa liko pale. Tunakaa siku nyingi, watu mia tatu, mia nne, katika boma lililokuwa na watu sita na choo kimoja. Maji yanatoka ziwani kwa mitungi. Beseni moja la kunawia linazungushwa, na mtu wa hamsini ananawa maji ya mikono arobaini na tisa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, nasi tulikuwapo tukiimba. Nawaomba wazee wa kanisa, siku ile mnapokwenda kupanga kaburi, kabla ya mahema na viti, ulizeni juu ya mambo mawili: shimo la muda litachimbwa wapi, na nani atasimama kwenye maji na birika, akimwagia kila mtu mikononi, sabuni ikiwa kando. Kazi hiyo isipewe watoto. Apewe mzee anayeheshimiwa, ili mgeni aone haya kumpita. Na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa tangu usiku.

Na kwenu watu wa Kano, ambao udongo wenu mweusi hupasuka kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, hata shimo likaporomoka kabla ya mwaka: msidhani Mungu amewanyima choo. Jengeni ukuta wa mawe au matofali ndani ya shimo, au tumbukizeni mapipa yaliyotobolewa matako, moja juu ya jingine. Mahali maji yalipo karibu, kama ilivyokuwa mwaka 2020 ziwa lilipopanda kufikia kimo kisichoonekana tangu 1964 na vyoo vingi vikazama, chimbeni kifupi na kuinua sakafu juu ya ardhi, ngazi tatu au nne. Rusinga penye mwamba, fanyeni vivyo hivyo. Na kati ya shimo na kisima pasipungue mita 30, yaani hatua ndefu kama arobaini. Pimeni kabla ya kuanza kuchimba, na mpime mkiwa pamoja na jirani, kwa maana kisima kilicho karibu zaidi huenda kikawa chake.